Gauni Lililowekwa Ndani

Fundi alikuwa na cherehani moja, mume mcheshi, na sifa mtaa mzima. Mshono wake haukuwa na mpinzani.

Siku moja alikuja mteja mgeni, bibi harusi mtarajiwa. Kiswahili hakujua. Alikuwa na haraka. Alimkabidhi fundi gauni jeupe, akasema, "Please take it in," akaondoka mbio.

"Kasemaje?" mume akauliza.

"'Take' ni chukua. 'In' ni ndani. Anataka nilichukue nikaliweke ndani, lisipate vumbi."

Akalifunika shuka safi, akalitundika kabatini.

Siku moja kabla ya harusi, bibi harusi akarudi. Alipolivaa, gauni lilimpwaya kama gunia. Machozi yakamlengalenga. "I said take it in!"

"Si ulishaliweka ndani?" mume akanong'ona. "Au anataka uliweke uvunguni?"

Fundi hakucheka. Akatoka kumwita jirani yake, nesi aliyezoea kuhudumia wageni.

Nesi akamsikiliza bibi harusi, kisha akamgeukia fundi. "Shoga, kwa nguo, 'take in' ni kubana. Anataka upunguze upana."

"Mbona 'take' ni chukua?"

"Ikiwa peke yake. Je, 'funga' na 'fungua' ni kitu kimoja?"

"Aka! Mbingu na ardhi."

"Basi sisi tunabadilisha mkia wa neno. Wao huweka kineno kidogo nyuma yake, na maana inageuka. 'Take up', fupisha. 'Let out', achia mshono, nguo ipanuke. Usitafsiri neno moja moja, shika fungu zima. Ukiwa na shaka, uliza, onyesha kwa mkono."

Fundi akachukua pini, akabana kiunoni. "Take in? Here?"

"Yes! Yes!"

Akafumua, akashona. Jua halijazama, gauni likamkaa bibi harusi sawasawa. Pindo tu ndilo lililoburuzika sakafuni.

"Take up?" fundi akauliza.

Bibi harusi akapiga ukelele wa furaha, akamkumbatia.

Asubuhi ya harusi akaja mama wa bibi harusi, jasho linamtoka, zipu ya gauni lake imegoma katikati ya mgongo. "Please, let it out!"

Mume akaruka kufungua mlango.

"Funga mlango, baba watoto," fundi akasema, wembe wa kufumulia umeshafika mkononi. "Mama haendi popote. Gauni ndilo linataka kupumua!"

Mama na binti wakaenda harusini wakiwa wamependeza kupita kiasi. Tangu hapo wageni humiminika kwa fundi, naye hamruhusu mtu kuondoka kabla hajamuuliza: "In, up, au out?"