Maji ya Jumatano

Kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu vijana wawili waliamka, wakapiga magoti, wakasali, kisha wakagombania pasi. Pasi ilikuwa moja, mashati meupe mawili, na umeme wa nyumba ile ulikuwa na tabia ya kuondoka bila kuaga. Aliyechelewa alitembea siku nzima na mikunjo mgongoni.

Vijana hao walikuwa wamisionari wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambao watu wengi huwaita Wamormoni. Walikuwa wameacha masomo na marafiki kwa miaka miwili ili wafundishe na kusaidia watu bila mshahara. Kila mmoja alibandika kifuani kibao cheusi chenye jina lake, na mbele ya jina neno "Mzee". Ndivyo kanisa lao linavyowaita, hata kama ndevu hazijaota. Watoto wa mtaani walicheka mpaka wakashika mbavu. Yule wa miaka kumi na tisa wakamwita Mzee Mchanga. Mwenzake, aliyeinama kila alipopita mlangoni, wakamwita Mzee Mrefu. Majina yakaganda.

Walikuwa na kanuni moja isiyovunjwa: hawaachani. Mmoja akienda sokoni, wanakwenda wote. Mmoja akiugua, wanabaki nyumbani wote. Mama yake Mzee Mchanga aliposikia habari hiyo alicheka kwenye simu. "Jamani! Hata maharusi hawafuatani hivyo!"

Kila Jumatano saa kumi alasiri walivua tai, wakavaa nguo kuukuu, wakaenda kumchotea maji Fundi Gundi. Huyu alikuwa mshona viatu. Benchi lake lilikaa chini, mlangoni mwa jengo la zamani la ghorofa tatu, lakini chumba chake kilikuwa juu kabisa, ambako maji ya bomba hayakuwa na nguvu ya kufika. Mguu wake wa kushoto ulikuwa mfupi tangu utotoni. Aliishi na mjukuu wake, msichana wa miaka kumi na mmoja, ambaye aliweza kupandisha nusu ndoo tu, tena kwa kupumzika mara tatu. Kwa hiyo wamisionari walijaza pipa, ndoo kumi na mbili, na maji yakatosha wiki nzima.

Walipojaribu kumfundisha, Fundi Gundi aliinua sindano kama mwalimu anayenyamazisha darasa. "Dini yangu ninayo, wanangu. Nisichokuwa nacho ni maji."

Mzee Mrefu alicheka kwa moyo mweupe. Mzee Mchanga naye alicheka, ila rohoni alikuwa anaungua. Wiki tatu zilikuwa zimepita bila somo hata moja la maana. Watu waliwafungia milango, au waliwaambia waje kesho, na kesho hawakuonekana. Ripoti yao ya kila Jumapili ilikuwa na nafasi ya masomo na nafasi ya huduma, na zote mbili zilipewa uzito. Lakini macho ya Mzee Mchanga hayakuona ila ile nafasi ya masomo, jinsi ilivyokuwa tupu.

Basi Jumatatu, siku yao ya kufua na kununua mahitaji, mwenye duka la dawa akawaambia, "Njooni nyumbani keshokutwa saa kumi. Mke wangu atakuwepo, mama yangu, na watoto wote wanne. Siku nyingine hatukutani hata mezani."

Mzee Mchanga alitoka dukani akitembea kama anayeruka. Familia nzima! Mzee Mrefu ndiye aliyemrudisha chini.

"Saa kumi Jumatano ni maji ya Fundi," alisema. "Asubuhi tuna mkutano. Alhamisi tumeahidi kupaka rangi madarasa kutwa nzima. Tumuulize Fundi kwanza. Akisema pipa linatosha mpaka Ijumaa, tutakwenda kwa hawa. Akisema halitoshi, tutawaomba hawa watusubiri wiki ijayo."

Lilikuwa neno la haki na halikuwa gumu. Jumanne walipita kwenye lile jengo. Mzee Mrefu alishikwa barabarani na mama mmoja aliyetaka kujua kama ni kweli wana vitabu vya bure. Mzee Mchanga akasogea hatua kama ishirini hadi kwenye benchi. Fundi hakuwepo. Mjukuu ndiye aliyekuwa amekaa, anapanga viatu vilivyokwisha kushonwa.

"Shikamoo, Mzee," msichana alisema huku anazuia kicheko. "Kesho mnakuja? Babu anasema pipa limebaki maji ya kuoshea vikombe tu."

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mzee Mchanga alikuwa na jibu mkononi, nalo hakulitaka. Angemwambia msichana kwamba hawaji, Fundi angemwita Mzee Mrefu na familia ya mwenye duka la dawa ingekwenda na maji. Akatabasamu.

"Tunakuja. Mwambie babu asiwe na wasiwasi."

Kisha akarudi kwa mwenzake, hatua zile zile ishirini. "Fundi anasema hakuna shida, maji bado anayo. Twende kwake wiki ijayo."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Kama wangekuwa watu wa kuachana, mmoja angebeba ndoo na mwingine angefundisha. Lakini hawaachani, na kwa sababu hiyo uongo wa mmoja uliwabeba wote wawili. Alijiambia kwamba wakimaliza somo mapema watakimbia kwa Fundi. Hakuwahi kupanga jinsi ya kukimbia.

Jumatano somo lilinoga. Mke wa mwenyeji aliuliza maswali, watoto waliimba, mwenye duka la dawa akasema warudi Jumamosi. Katikati ya mazungumzo waliletewa maji ya kunywa. Mzee Mchanga alipoinua glasi alikumbuka pipa. Akaishusha, akaendelea kufundisha. Walipotoka giza lilikuwa limeingia.

Alhamisi walipaka rangi kuta za madarasa hadi nywele zikawa za buluu.

Ijumaa walipita kwenye lile jengo. Benchi lilifunikwa gunia. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Siku ile yalimjia Mzee Mchanga pamoja na mjukuu mwenyewe, amevaa sare ya shule, anawarudishia wateja viatu ambavyo havijashonwa.

"Babu yuko juu," alisema bila kucheka. "Ameanguka kwenye ngazi juzi jioni. Alikuwa na ndoo."

Walipanda mbio. Fundi Gundi alikuwa amekaa kitandani, mkono wa kulia umefungwa plasta kutoka vidoleni hadi kwenye kiwiko. Ule ndio mkono wa sindano. Ndio uliowalipia ada, unga na kodi. Alipowaona alijaribu kusimama.

"Alhamdulillahi, wazima!" alisema. "Nilijua mmepatwa na jambo. Tangu Jumatano ninawaombea. Nikasema, vijana wale hawawezi kuniacha hivi hivi, labda gari limewagonga. Poleni, wanangu."

Yeye ndiye aliyewapa pole. Mzee Mrefu alishangaa. "Lakini babu, tulisikia maji bado..." Akaona mkono ule, akadhani mzee amechanganyikiwa kwa maumivu, akanyamaza kwa adabu. Msichana alikuwa amesimama mlangoni, macho yake yamemganda Mzee Mchanga. Ilikuwa nafasi ya kusema. Mzee Mchanga akachukua ndoo. Alipanda na kushuka mpaka pipa likafurika. Alijua anafanya hivyo ili asiseme, na kila ndoo ilikuwa nzito kuliko ile ya kabla yake.

Jumamosi walirudi kwa mwenye duka la dawa. Somo lilihusu amri za Mungu, na Mzee Mchanga ndiye aliyefundisha. Alipofika kwenye amri ya kutosema uongo, mwenye duka la dawa aliuliza bila ubaya wowote, "Na ninyi vijana, haya yote mnayashika kweli?"

Chumba kizima kilimtazama. Watoto walimtazama. Mzee Mchanga aliweka kitabu chini.

"Mimi wiki hii sikuishika," alisema taratibu. "Naomba mwenzangu amalizie somo."

Njiani alimweleza Mzee Mrefu kila kitu. Alitaka mwenzake afoke, angalau amshutumu kwa sauti. Mzee Mrefu aliongeza mwendo mpaka wakapita maduka yote.

"Jana nilisimama mbele ya yule babu," alisema mwishowe, "nikadhani yeye ndiye aliyesahau. Umenifanya mwongo bila mimi kujua." Maneno hayo yaliuma zaidi ya kufokewa.

Jumapili baada ya ibada Mzee Mchanga alimpigia simu kiongozi wao na kumweleza alichofanya. Kisha wakapanda zile ngazi. Alipiga magoti kando ya kitanda cha Fundi. Alisema alivyomjibu mjukuu, alivyomdanganya mwenzake, na kwa nini. Hakujitetea.

Wa kwanza kusema alikuwa mjukuu. "Babu aliniuliza mara tatu kama wewe ulisema mnakuja. Nikamwambia ndiyo, babu, amesema. Alipoanguka nikadhani ni kosa langu." Machozi yakamtoka. "Nimelia siku nne."

Mzee Mchanga hakuwa amefikiria hilo hata kidogo. Alikuwa akihesabu mkono wa mzee, kumbe kulikuwa na mtoto pia. Akamgeukia, akamwambia mbele ya babu yake, "Halikuwa kosa lako. Ulifikisha maneno yangu kama nilivyoyasema. Maneno ndiyo yalikuwa ya uongo. Nisamehe, mdogo wangu."

Fundi Gundi alimvuta mjukuu wake ubavuni. Akaiangalia plasta yake.

"Kijana," alisema, "unadhani ni ngazi iliyoniangusha? Ngazi ile ninaifahamu miaka thelathini. Jumatano saa kumi muuza mkaa wa hapo chini alinipitia. Akaniuliza, 'Fundi, nikupandishie ndoo mbili tatu?' Nikamjibu, 'Asante, ndugu yangu, wazee wangu wako njiani.' Saa kumi na mbili akapita tena, nikaona haya kumwambia hamkuja. Nikakinga maji mwenyewe." Akashusha pumzi. "Ungesema hamji, nisingekasirika. Ningepata mtu mwingine. Hapana yako isingenivunja mkono. Kilichonivunja ni ndiyo yako."

"Utanisamehe, babu?"

"Nimekwisha kukusamehe, mtoto wa mwenzangu. Lakini msamaha haushoni viatu. Kuna jozi tisa za wanafunzi pale chini. Kesho njooni mapema."

Kwa hiyo Jumatatu, badala ya kufua, walikaa kwenye benchi. Fundi Gundi alielekeza kwa mkono wa kushoto, Mzee Mrefu akapaka gundi, Mzee Mchanga akashona. Alijichoma vidole mpaka akaacha kuhesabu. Fundi alizitazama nyuzi zake zilizopindapinda, akacheka kwa mara ya kwanza tangu aanguke.

"Huyu anashona kama anayechimba viazi! Fumua, anza upya."

Alifumua. Alianza upya. Jumatatu sita mfululizo alifanya hivyo, na viatu vikaanza kutoka vinavaliwa. Vijana wa kanisani wakajipangia zamu ya maji. Muuza mkaa akadai na yeye apewe siku yake, akapewa Jumamosi.

Plasta ilipotolewa, vidole viwili vya Fundi Gundi havikukunjika. Daktari alimpa mazoezi, akasema huenda vitalegea kidogo, ila nguvu ya zamani asiitegemee. Fundi alijaribu kushika sindano, ikamponyoka. Aliiokota, akajaribu tena, ikamponyoka. Mzee Mchanga aliona yote hayo. Angetoa chochote airudishe ile Jumanne, zile hatua ishirini, na hilo halikuwezekana.

"Mimi nitapaka gundi na kupiga rangi," Fundi alisema. "Kushona nitamfundisha huyu mjukuu, akitoka shule. Ana mkono mwepesi kuliko wewe." Kisha akasema tena, safari hii akimtazama msichana kana kwamba maneno ni yake, "Na kabla ya sindano nitamfundisha hili: mteja akiuliza viatu vyake vitakuwa tayari lini, mpe siku ya kweli hata kama haimfurahishi. Mtu aliyeambiwa ukweli atajua aende wapi. Uliyemdanganya atakaa pale pale anakungoja, na anayekungoja hajitafutii msaada mwingine."

Wiki hiyo hiyo Mzee Mchanga alihamishiwa mji mwingine, kama wamisionari wanavyohamishwa kila baada ya muda. Alikwenda kuaga. Fundi Gundi alimpa mkono wa kushoto, kwa kuwa wa kulia haukufumba.

"Nitakuandikia, babu," Mzee Mchanga alisema. "Nakuahidi nita..."

"Usiniahidi," Fundi alimkatiza kwa upole. "Andika tu."

Siku ya kwanza ya mapumziko huko alikohamia, kabla ya kufua hata soksi, Mzee Mchanga alikaa akaandika barua. Aliwasalimu wote wawili. Akaandika kwamba kila anapoulizwa swali sasa huchelewa kujibu, na watu wanamdhania mzito wa akili. Chini kabisa aliandika, "Nitakuja kukuona." Aliisoma sentensi hiyo mara mbili. Hakujua kama ni kweli, akaikata kwa mstari mmoja, akatia sahihi jina lake, akaipeleka barua posta.