Mektrida na Fundi wa Mashine ya Mabogini

Siku ya Jumamosi duka la spea la Jackson, pale Majengo, halina hata pa kuweka mguu. Madereva wa malori wanagombania bolti, mafundi wanadai filta, redio imefunguliwa mpaka mwisho, na nje jua la Moshi linachoma mabati. Katikati ya wanaume wote hao alisimama msichana mmoja, gauni la maua mekundu, kitambaa cheupe kichwani, amekumbatia kitu kilichofungwa kwa kanga kama mtoto mchanga. Huyo ndiye Mektrida.

"Dada, nozeli hii hata babu yangu hakuiona," Jackson alimwambia, akikigeuzageuza mkononi kile kichuma cha kupulizia mafuta kwenye injini. "Ipeleke makumbusho."

Wanaume wakacheka. Mektrida akauma mdomo ili asilie mbele ya watu.

"Msimcheke," sauti ikasema nyuma yake. "Hiyo ni ya mashine ya kizamani ya Mwingereza, ya magurudumu mawili mazito. Ikiwaka inasema tuku-tuku-tuku, kijiji kizima kinajua umeamka. Au nadanganya, dada?"

Aligeuka. Kijana mrefu, ovaroli la bluu lililofifia, kola imepigwa pasi. Nani anapiga pasi ovaroli? Hapo ndipo moyo ulipoanza kumsaliti.

"Huna uongo," alisema. "Ila sasa haisemi kitu. Imenyamaza."

"Basi tukaibembeleze. Mimi naitwa Eliufoo."

Ilikuwa miaka ile kahawa imeanguka bei, na watu wengi wa mlimani wameteremka kujaribu mpunga. Mektrida, baba yake na mama yake, Mama Salvina, walitoka Marangu wakapata mashamba Mabogini, lakini yao yalikuwa upande wa juu, ambako maji ya mfereji hayapandi yenyewe. Marehemu baba yake Mektrida ndiye aliyenunua ile mashine ya dizeli kuukuu, akaiweka kando ya mfereji ivute maji. Baba alipofariki, mashine nayo ikaanza kusumbua.

Eliufoo alikuja, akavua saa yake akampa Mektrida amshikie, akafungua kila kitu. Aliosha nozeli, akabadilisha filta, akatoa hewa kwenye bomba la mafuta mpaka dizeli ikatoka bila povu. Akazungusha hendeli. Tuku. Tuku-tuku. Maji yakapanda.

"Mangi, chifu wangu, wewe ni mchawi!" Mektrida alipiga makofi.

"Mchawi ni wewe, maana nimesahau hata njia ya kurudi Majengo." Akafuta mikono. "Sikia, mrembo. Adui wa dizeli ni uchafu. Vumbi likiingia kwenye tangi, mimi na wewe tutalia. Ulilinde hilo tangi kama jicho lako."

Mpe msichana anayependa neno moja la kushika, utaona atakavyolishika. Jioni ile ile Mektrida alilisugua tangi likang'aa. Kwenye kifuniko chake akaona kitundu kidogo, kama cha sindano, vumbi la pumba limekizunguka. Akasema, kumbe uchafu unapitia hapa! Akachukua sabuni ya kufulia, akaisindilia kwa ndani mpaka kitundu kikaziba kabisa. Hakumwambia mtu. Alitaka Eliufoo siku moja agundue mwenyewe na kumsifu.

Mapenzi yao yalikua kwa simu ya ghala la mpunga, mzee Julius karani akiwa ametega masikio. Mektrida anapiga duka la Jackson, Eliufoo anaitwa.

"Mgonjwa wangu anaendeleaje?" Eliufoo anauliza.

"Mgonjwa yupi, mimi au mashine?"

"Anayekosa usingizi."

"Basi njoo umpime wewe."

"Binti, hii simu ni ya mpunga," mzee Julius anakohoa, na Mektrida anakata huku anacheka.

Mama Salvina hakucheka. "Yule ni Mlutheri, sisi ni Wakatoliki. Baba yako angesema nini?" Akafikiri sana, kisha akatoa neno lake. "Sikiliza, mwanangu. Mashine ya marehemu ikinywesha mpunga huu mpaka mavuno, nitajua amemkubali huyo kijana. Wazee wake waje na mbege yao ya posa, nitawapokea."

Mektrida alimrukia mama yake shingoni. Sasa ndoa yake yote ilikaa juu ya chuma kile.

Na chuma kikaanza vituko. Kinawaka vizuri, kinavuta maji, baada ya muda kinakohoa na kuzima. Eliufoo anakuja. Jambo lake la kwanza ni kufungua kifuniko cha tangi ili aone mafuta, na kumshikisha Mektrida. "Nishikie, mpenzi." Mektrida anasimama nacho, amekifumbata kwenye kiganja, anamtazama mabega. Mashine inawaka, inakwenda asubuhi nzima bila kosa. Eliufoo anachukua baiskeli yake, anaondoka. Mektrida anafunga kifuniko kwa nguvu zake zote, kama alivyofundishwa, na kabla kijana hajafika barabarani, mashine inazima.

Mara ya kwanza walicheka. Baadaye Eliufoo akaacha kucheka. Alifungua pampu, akafunga, akakaa chini kando ya mfereji, kichwa mikononi. "Mek, sijui. Nakwambia kweli, sijui inataka nini."

Mpunga ulikuwa unaanza kuchanua. Ukikosa maji wakati huo, unazaa makapi.

Jirani yao, Lukresia, alikuja kuomba chumvi akakaa. "Hivi hamuoni? Yeye akiwepo inakwenda, akiondoka inakufa! Mae! Hao mafundi wa mjini nawajua. Wanalegeza kitu kidogo wanapoondoka ili waitwe tena. Analala njaa nani, wewe au yeye?"

Mama Salvina alimpimia chumvi yake, akamwongezea na kijiko cha pili. Kijiko kile kilimchoma Mektrida kuliko maneno.

Msichana unayesoma, hapa ndipo pa kusimama. Ungekwenda kwa mwenzio faraghani, ukamuuliza taratibu. Mektrida hakwenda hivyo. Alivaa lile gauni lake la maua mekundu, akaenda moja kwa moja gereji ya Majengo, ubavuni mwa duka la Jackson, saa ambayo watu wametoka msikitini na barabara imejaa. Eliufoo alikuwa chini ya lori.

"Toka huko nikuone!"

"Mek? Subiri, mpenzi, nakaza hii nati..."

"Usiniite mpenzi! Umelegeza nini kwenye mashine ya baba yangu?"

Akatoka, grisi shavuni, bado anatabasamu. "Umekula pilipili leo?"

"Jibu! Ukiwepo inakwenda, ukiondoka inakufa. Unatufanya shamba lako, kila ukiona njaa unakuja kuvuna? Mwizi mkubwa!"

Wateja wakageuka. Tabasamu likamtoka Eliufoo polepole. "Unaniita mwizi mbele ya watu, Mektrida?"

"Nakuita ulivyo."

Alifuta mikono, kidole kimoja baada ya kingine. "Sawa," alisema. "Nimesikia." Akarudi chini ya lori.

Mashamba ya juu yalikauka. Mektrida alizungusha hendeli mpaka malengelenge yakapasuka, akiokoa majaruba machache ya karibu. Asubuhi moja mashine ilianza kukohoa, naye akakimbilia tangi kuona kama dizeli imekwisha. Alipolegeza kifuniko alisikia mlio, fyuuu, kama mtu aliyezuiliwa pumzi akaachiwa. Mashine ikashtuka ikaendelea. Akafunga. Baada ya muda ikakohoa. Akafungua. Fyuuu. Ikapona.

Akakigeuza kifuniko. Sabuni yake ilikuwa pale pale, imekauka, ngumu kama jiwe. Mafuta hayakuweza kushuka kwa sababu tangi halikuwa na pa kuvutia hewa. Yeye mwenyewe ndiye aliyeikaba koo.

Alikimbia ghalani. "Mzee Julius, simu, nakuomba!"

"Eliufoo hayupo," Jackson alimjibu upande wa pili. "Wateja walimkimbia, amerudi kwao Machame. Si wewe uliyekuja hapa kupiga kelele?"

Mama Salvina alisikia habari yote, akajifunga kanga ya pili, akapanda Marangu. Alirudi na jani la sale, lile ambalo sisi Wachagga tunaoteshea mipaka na makaburi. "Mpelekee," alisema. "Mtu akiletewa sale hawezi kukataa kusamehe. Ndivyo tulivyo."

Mektrida aliamini kwamba jani lile litamrudishia mtu wake. Alipanda Machame, mvua ya rasharasha ikimlowanisha, akamkuta Eliufoo kihambani, kwenye migomba ya kwao, anakatia ng'ombe majani. Alikuwa amekonda. Mektrida akapiga magoti kwenye matope, akainua sale kwa mikono miwili, akasema yote, sabuni na kitundu.

Eliufoo alisikiliza. Kisha akacheka kidogo, machozi yakimlengalenga. "Sabuni! Na mimi nikafungua mpaka pampu!" Akalipokea jani. "Nimekusamehe, Mek. Sina kinyongo tena, hata chembe."

"Basi turudi. Mama atawapokea wazee wako."

Akatazama chini. "Nilirudi hapa na jina la mwizi. Baba akasema nipate mke kabla jina hilo halijapanda mlimani. Mbege imekwisha kunywewa kwa akina Stella, msichana aliyenichagulia. Harusi ni baada ya Pasaka."

"Unampenda?"

"Nitampenda."

"Na sale?"

"Sale ni la msamaha, Mek. Halirudishi mbege iliyonywewa."

Mama yake Eliufoo akatoka jikoni, akaliona jani mkononi mwa mwanawe, akaelewa. "Shikamoo, mama," Mektrida alisema, bado yuko chini. Yule mama alimwinua, akamfuta matope magotini kwa ncha ya kanga yake.

"Marahaba, mwanangu. Yamekwisha. Kuanzia leo wewe ni mtoto wa nyumba hii." Akamkumbatia, kwa moyo mweupe kabisa. "Na siku ya harusi ya kaka yako usikose. Uje mapema, utusaidie kumenya ndizi."

Mektrida alimtazama Eliufoo. Eliufoo alitazama migomba.

"Nitakuja, mama," alisema. Kwani angesema nini?