Vinundu vya Shafii

Watu wa ukoo wa Shafii walijulikana kwa vinundu. Vilikuwa juu ya vidole na nyuma ya visigino, vigumu, wala haviumi. Kijijini kwao, nje ya Mtwara mjini, vilisifiwa.

"Alama za wabanguaji hizo!" watu walisema. "Vya mikononi ni mafuta ya maganda ya korosho. Vya miguuni ni kuchuchumaa kutwa."

Sabra, mke wa Shafii, aliamini. Kila jioni alimkanda mumewe visigino kwa mafuta ya nazi.

"Mama Nasra, unanikanda kama unga wa maandazi!" Shafii alicheka.

Basi, asubuhi moja Shafii alishika kifua shambani, akaanguka. Hakuamka tena, jamani. Alikuwa na miaka thelathini na tisa. Baba yake naye alikwenda hivyohivyo.

Siku ya arobaini, wageni walivua viatu wakakaa mkekani. Nasra, binti yao wa miaka kumi na tisa, aliwanawisha mikono. Jirani yao Rebeka, nesi wa zahanati, akamtazama miguu.

"Mama Nasra, mtoto ana kinundu kisiginoni."

"Cha kazi hicho. Kama baba yake."

"Kazi gani? Si anasoma bweni? Amebangua korosho lini?"

Sabra alikitazama kisigino cha bintiye. Kweli, Nasra hajawahi kubangua hata moja. Moyo ulimlipuka paa!

Rebeka alimvuta jikoni.

"Pole, dada yangu. Nadhani vinundu hivyo ni mafuta, yanaitwa kolesteroli. Mwili umejengwa kwa seli, vijumba vidogo visivyoonekana kwa macho. Kwenye ukuta wa seli za ini kuna vipokezi. Kichwa cha kipokezi kiko nje, mkia uko ndani. Kinanasa mafuta yanayopita kwenye damu, kinayaingiza ndani, kisha kinarudi ukutani kunasa mengine. Wengine huzaliwa na vipokezi vichache au vibovu. Mafuta hubaki kwenye damu. Yanajikusanya vidoleni, visiginoni, na kwenye mishipa ya moyo."

"Kwa hiyo mume wangu..."

"Hakupimwa, siwezi kuapa. Lakini ugonjwa huu hurithiwa. Mpeleke mtoto hospitali apimwe damu. Dawa ipo. Hulifanya ini liweke vipokezi vingi zaidi. Ataimeza kila siku, maisha yote."

Sabra alilia kuliko siku ya mazishi.

Kipimo kilionyesha mafuta ya damu yalikuwa juu mno. Nasra akaanza dawa, akapunguza vya kukaanga. Sabra naye alizunguka kwa mashemeji na mawifi. "Nionyesheni visigino!" Walimcheka, wakasema uchungu umemzidi. Lakini wakaenda kupima, na wawili wakakutwa na ugonjwa huo.

Baada ya miezi mitatu walirudi hospitali, na mafuta ya Nasra yalikuwa yameshuka karibu nusu. Sabra alimshukuru Mungu njia nzima. Alipofika nyumbani, aliiona dirishani ile chupa ya mafuta ya nazi. Akakaa chini. Miaka yote ile alikishika kifo cha mumewe kwa vidole vyake, akikikanda, akikisifu.

"Mama, unalia nini? Si naendelea vizuri?"

"Umemeza dawa yako?"

"Bado."

"Meza nikuone, mwanangu."