Kofia ya Babu Elburne

Kwiii, kwiii. Mpaka leo, nikiamka kabla hakujapambazuka, natega sikio kuusikiliza ule mlio wa bomba chini ya sakafu ya nyumba yetu ya mbao kule Lunenburg, mji wa pwani ya Kanada.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Kila alfajiri Baba alifungua maji ya moto anawe kabla ya kwenda kuunda mashua. Bomba lilipolia, mdogo wangu Wendell, mwenye kifaduro, aliamka akakohoa mpaka akakosa pumzi.

"Mtoto huyu asipolala, hatapona," Mama alisema. Naye alikuwa halali.

Jirani yetu, Babu Elburne, alikuwa fundi bomba mstaafu mwenye magoti mabovu. Siku moja alikuja kwetu, akaketi kwenye ngazi ya chumba cha chini ya sakafu, akanionyesha kwa fimbo sehemu tano ambapo bomba lilisugua boriti za sakafu. Kisha akavua kofia yake ya sufu nene, ile ya kanisani, akaikata vipande vitano.

"Babu, Jumapili utavaa nini?"

"Mungu anakijua kipara changu. Weka sufu kati ya bomba na mti, Orpha. Usilibane."

Alipopanda juu kunywa chai, niliweka vipande vinne. Cha tano nikakitia ndani ya kiatu changu cha kutelezea barafuni, maana kisigino kilikuwa kimechubuka. Mahali pake nikapigilia kabari ya mti.

"Tayari?" Babu aliuliza.

"Tayari."

Alfajiri iliyofuata bomba lililia kuliko jana yake. Wendell alikohoa mpaka midomo ikabadilika rangi. Nilimwona Mama amekaa ngazini, analia kimya. Nikavaa koti juu ya nguo za kulalia, nikavuka theluji mpaka kwa Babu.

"Babu, nilichukua kipande kimoja. Nikaweka kabari."

Alinimiminia chai kwanza. "Bomba likipata moto hurefuka. Ukilibana, linapiga kelele. Kisigino bado kinauma?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Si ungeniambia tu, mama? Ukingo wa kofia bado upo."

Akakata vipande viwili: kimoja cha bomba, kimoja cha kiatu. Tukarudi kwetu, tukaing'oa kabari pamoja na kuweka sufu mahali pake.

Kesho yake nilisikia maji tu. Wendell alilala mpaka jua likaingia jikoni, na Mama akalala kando yake, viatu miguuni. Nikampelekea Babu mkate wa moto.

"Umeona?" alisema. "Uongo wako ulimnyima mtoto usingizi. Ukweli wako umemrudishia."

Niliposhika kitasa cha mlango, akaniita. Aliishi peke yake, Babu Elburne.

"Kesho uje tena, Orpha. Hata kama hakuna kinacholia."