Doa Nyuma ya Mke wa Mtaalamu

Mashemeji zake walimwita Mtaalamu. Walikuwa wanamcheka, yeye akadhani ni sifa. Ndivyo alivyokuwa bwana huyu: ukimtukana taratibu, anakushukuru.

Jioni hiyo, taa za barabarani ndiyo kwanza zinawaka, alimburuta mkewe hadi kwenye duka la vifaa vya simu. Kesho yake walikuwa wanasafiri kwenda milimani kupiga picha, na Mtaalamu hawezi kwenda na simu tupu kama watu wa kawaida. Alitaka lenzi ya kubana juu ya kamera ya simu. Picha zake za safari za nyuma zilikuwa na doa. Doa dogo, jeusi, na siku zote liko nyuma ya mkewe.

"Lile doa linakua," mkewe alishamwambia. "Mwanzo lilikuwa kule juu kilimani. Safari iliyopita lilikuwa kwenye mti, hapo hapo mgongoni kwangu."

"Wewe unajua nini mambo ya mwanga?"

Huo ndio ulikuwa utafiti wake wote. Kioo cha kamera kina kasoro, akaamua, na kila picha akawa analifuta doa kwa kidole kabla ya kuwatumia watu.

Na mke alikuwa anatafuta nini kwenye kila picha? Si mapenzi hayo. Mtaalamu alisikia mahali kwamba mlima usio na mtu hauonyeshi ukubwa wake. Basi mke akawa rula. Simama pale. Rudi nyuma kidogo. Kidogo tena. Ndoa nzima mwanamke wa watu anarudi nyuma tu, na hata siku moja hakupewa simu aishike.

Hapo dukani, yeye na muuzaji walikuwa wamekutana kweli. Kwake yeye, lenzi uliyoishika ndiyo bora kuliko zote.

"Hii pana, bosi. Inameza mlima mzima."

"Inapindisha kona za picha," Mtaalamu akasema, akairudisha kwa ncha za vidole.

"Basi hii ya kuvuta mbali. Wataalamu wote wanachukua hii."

Neno hilo likamlegeza. "Sinunui bila kujaribu," akasema, ili asionekane rahisi.

Mbele ya duka kulikuwa na kichochoro kirefu, kuta huku na huku, mwisho wake ukuta mwingine na taa moja juu. Alimwonyesha mkewe kwa kidevu.

"Giza linaingia, baba watoto. Si upime na ile taa tu?"

"Taa nitajuaje ukubwa wake? Nenda."

Akaenda.

Mtaalamu akakibana kibanio cha lenzi nyuma ya simu. Tk. Akainua, akavuta picha karibu.

Mkewe alikuwa amesimama chini ya taa. Na nyuma yake... doa.

Sasa lilikuwa na mabega.

Mtu mwenye akili angeshtuka. Yeye alikasirika, kwa sababu lilikuwa linamharibia picha. Akaona dawa ni mkewe alizibe kwa mwili wake.

"Rudi nyuma kidogo!"

Mke akarudi. Mabega yakatokeza tena, safari hii juu ya kichwa chake. Ikaja harufu kutoka kichochoroni... harufu ya nywele zinazoungua.

Muuzaji alichungulia kwenye kioo cha simu, akaacha kusifia bidhaa zake.

"Bosi," akanong'ona, "kule nyuma yake si ni ukuta?"

Mtaalamu akatazama kwa macho yake. Mke, taa, ukuta. Akarudi kwenye kioo. Kitu kirefu kilikuwa kimeinama sikioni kwa mkewe, na mkewe ametulia, anasikiliza.

"Lenzi yako ina uchawi," akasema, akaibandua na kuitupa juu ya meza. Akainua simu tupu ili aone palivyo safi.

Bado kilikuwepo, kikubwa vile vile.

Ndipo akaelewa, na uso ukamwaka kwa aibu kabla ya kuingiwa na woga. Simu ilikuwa na macho matatu ya kamera mgongoni, na yeye, mtaalamu mzima, aliibana lenzi kwenye jicho ambalo wakati huo halikuwa likitumika. Ile lenzi haikuona chochote. Iliyoona ni simu yake mwenyewe, ile ile aliyokuwa akiifutia madoa.

"Mwite shemeji," muuzaji akanong'ona. "Mwite, kaka."

"Njoo," Mtaalamu akasema. Neno hilo hakuwa amelizoea. "Mke wangu... njoo."

Akaja, polepole. Kwenye kioo, nyuma yake hapakuwa na kitu tena. Na huyo mpumbavu akatabasamu.

"Umeona? Ni mwanga tu."

Mkewe alipofika, harufu ilifika naye. Akanyoosha mkono, akachukua simu. Mtaalamu aliachia bila kujua kwa nini.

"Kumbe lile doa linaongea," mkewe akasema kwa upole. "Limeniuliza mbona wewe humo kwenye picha hata moja."

Nyuma yao mlango wa chuma wa duka ulikuwa unashuka. Muuzaji hakuaga.

"Simama pale," mkewe akasema.

Alitaka kucheka. Alitaka kumwambia simu haishikwi hivyo. Miguu ikamchukua hadi chini ya taa, na ukuta ukawa baridi mgongoni.

"Rudi nyuma kidogo."

"Kuna ukuta..."

"Kidogo tena."

Akarudi. Palikuwa na nafasi.

Akamtazama mkewe, maana kugeuka hakuweza. Mke alikuwa ameinua simu, lakini macho hayakuwa kwa mumewe. Yalikuwa juu zaidi, juu ya kichwa cha mume.

"Hapo hapo," mkewe akasema. Hakuwa anasema naye.