Yeye wa Alfajiri

Kitasa cha mlango wa mbele kililia, ka, mlio mdogo kama jino la mtoto likigonga kijiko. Sindano akafumbua macho. Nje kulikuwa hakujapambazuka bado. Upande wa pili wa kitanda shuka lilikuwa na joto, na mtu hayupo.

Majirani walimwita Sindano kwa kazi yake ya kushona sare za shule, na kwa ulimi wake pia. Mumewe walimwita Miwani, kwa kuwa ndiyo kazi yake: kusaga vioo na kukaza skrubu ndogo za miwani ya watu. Ndoa yao ilikuwa changa, bado wanagombania mto.

Hii haikuwa alfajiri ya kwanza. Na kilichomchanganya Sindano ni kwamba kila mara, kabla ya kutoka, Miwani huvuta blanketi akamfunika miguu, taratibu, kama anayemlaza mtoto mchanga.

"Ananifunika, halafu ananikimbia," Sindano aliiambia dari.

Leo Miwani alisahau simu juu ya cherehani. Ikawaka.

"Uko wapi? Anakungoja. Mlango uko wazi."

Sindano akaichukua, akarudi nyuma kwenye skrini kusoma ujumbe wa jana.

"Ulipoondoka alilia sana. Hakulala. Anaomba kesho uwahi, mmalize. Mkeo asijue kwanza, anaona aibu."

Na jibu la mumewe lilikuwa hili:

"Mwambie asilie. Nakuja."

Akampigia shangazi yake, aliyemlea.

"Shangazi, nimeibiwa mume."

"Alfajiri hii? Wezi wa siku hizi wana bidii. Nisomee."

Akamsomea. Shangazi akaguna.

"Analia? Basi huyo ndiye mbaya. Anayecheka ungemweza."

"Nifanyeje?"

"Unapajua anapokwenda?"

Sindano akarudi nyuma zaidi, mpaka ujumbe wa mwanzo kabisa. "Hapa wamemwandikia: nyumba ya geti la kijani, nyuma ya posta ya zamani."

"Vaa viatu vya chini. Kama ni kukimbia ukimbie, kama ni kukimbiza ukimbize. Lakini mwanangu, sikiliza kwanza, ndipo upige kelele."

"Wewe ulisikiliza, Shangazi?"

"Mimi sikusikiliza. Ndiyo maana naishi na redio."

Sindano akatoka na simu ya mumewe mkononi. Geti la kijani lilikuwa limeegeshwa tu. Sindano akapita kwenye kibaraza chenye vyungu vya maua, akasimama chini ya dirisha lenye mwanga. Sauti ya mumewe ikatoka pale, laini, sauti ambayo yeye mwenyewe aliisikia mara chache mno.

"'Nakupenda,'" Miwani alikuwa akisema, "'na kama ni kunyongwa, nitanyongwa nikiwa nakupenda.'"

Usia wa Shangazi ukaishia hapo. Sindano akasukuma mlango.

"Mnyongaji nimefika! Yuko wapi?"

Miwani akaruka kutoka kwenye kigoda. Kitabu kilichochakaa kikamponyoka kikaanguka sakafuni.

"Sindano! Umefikaje hapa?"

"Kwa miguu. Yuko wapi huyo anayelia?"

Chumba kilikuwa na rafu kutoka sakafuni hadi darini, zimejaa vitabu vya zamani vyenye migongo iliyopauka. Pembeni, mama mmoja aliyevaa miwani mipya alikuwa amesinzia huku ameshika simu. Katikati, kwenye kiti cha kuegemea, alikaa mzee mwembamba mwenye macho meupe yasiyotazama popote. Mzee akainua mkono.

"Anayelia ni mimi, binti yangu."

Hasira ilikuwa imemjaa Sindano kinywani. Lakini mdomo ukatoa kile ulichofunzwa tangu utotoni.

"Shikamoo."

"Marahaba. Kaa. Huyo aliyeamka sasa hivi ni mama anayenitunza. Huniandikia ujumbe kwa simu, na hunisomea pia, ila husinzia kabla ya shahidi wa kwanza."

"Sisinzii, Mzee Jaji," yule mama alisema akifuta miwani. "Napumzisha macho."

Sindano hakukaa. Alimgeukia mumewe.

"Kwa hiyo unasoma kitabu?"

"Nasoma kitabu."

"Hadithi?"

"Hadithi za kesi. Mtu ameuawa, mwingine ameshtakiwa, wakili anahoji mashahidi mpaka aliyeua anajulikana."

"Miwani, watu huficha pombe. Watu huficha wanawake. Nani anaficha kitabu?" Sauti yake ikapasuka. "Nimelala na mashaka alfajiri hizi zote kwa ajili ya kitabu? Kuna jambo. Naliona usoni mwako. Sema sasa hivi, au pete hii naivua naiacha mezani, uendelee kumsomea umpendaye."

Akaivua kweli. Ikatoa mlio mdogo juu ya meza.

Miwani aliitazama pete. Akamtazama mzee, kisha mkewe. Jasho likamtoka juu ya mdomo. Akasafisha koo, kama alivyozoea kabla ya kusema jambo zito, akaanza.

"Nilikwambia baba yangu alifia safarini."

"Ndiyo."

"Hakufia safarini. Alifia jela. Niliona ukoo wenu ni watu wa heshima, nikaogopa mtanikataa." Akameza mate. "Alikuwa fundi saa. Mwenye duka alikutwa amekufa chini ya ngazi, baba akashtakiwa kuwa ndiye aliyemsukuma. Na huyu mzee, Sindano, huyu ninayemsomea, ndiye jaji aliyemfunga maisha."

Yule mama akaziba mdomo.

"Nilimletea mama huyu miwani yake," Miwani aliendelea, haraka sasa, kama mtu anayeshuka mlima. "Nikaona jina la jaji kwenye geti. Niliingia nikiwa na maneno ya miaka yote kifuani. Nikamkuta kipofu, peke yake na vitabu. Akaniuliza kama najua kusoma. Nikasema najua. Akanipa hiki." Akakiokota kile kitabu sakafuni. "Sindano, hiki ndicho baba alichokuwa akinihadithia jela. Kilikuwapo kwenye maktaba ya wafungwa. Nilipokwenda kumtembelea na mama yangu, alinisimulia kipande, na kila mara alikatiza penye utamu. Nikilia nataka kujua aliyeua, anasema, 'Njoo tena nikumalizie.' Safari ya mwisho tuliambiwa hakuna tena wa kutoka kuonana nasi. Mwisho wake sikuujua."

Kisha akamgeukia mzee, na sauti ikashuka.

"Mzee, nilikuficha. Samahani. Mimi ni mtoto wa yule fundi saa."

"Nilijua," alisema Mzee Jaji.

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza. Ulisafisha koo kabla ya kusoma. Baba yako alisafisha koo vilevile kizimbani, kabla ya kusema, 'Mheshimiwa, si mimi.' Mtu akipofuka, masikio hayasahau kitu."

"Ukanyamaza?"

"Nilidhani nikisema, hutarudi."

Sindano alijikuta amekaa. Hakukumbuka alikaa saa ngapi.

"Mzee," aliuliza, sauti imelegea, "kwa nini hadithi za kesi tu? Hukuchoka na kesi za kweli?"

"Kwenye kesi za kweli, binti yangu, nyundo ikigonga watu huenda kula. Kwenye vitabu hivi, nyundo ikiinuliwa tu, mlango wa nyuma unafunguka, mtu anaingia anasema, 'Ngojeni!' Vimeandikwa zamani, lugha yake imezeeka, mawakili wake wanazungumza kama wako harusini. Lakini bado nashika pumzi. Miaka yote ya kazi nilimngoja yule mtu wa kusema ngojeni. Hakuingia hata siku moja." Akapapasa mkono wa kiti. "Sasa anakuja mwingine. Kila siku kabla ya alfajiri nasikia mtu akisafisha koo pale karibu na rafu. Hasemi kitu. Anasafisha koo tu, kama anayengoja kuruhusiwa kusema."

Sindano akatazama rafu. Vinyweleo vikamsimama.

"Hata mimi nimemsikia," alisema yule mama taratibu. "Nilidhani ni panya."

"Mumeo akianza kusoma, kunatulia," mzee alisema. "Naona anasikiliza. Alipenda hadithi."

Miwani akafunika macho kwa kiganja.

"Na jana ulilia nini, Mzee?" Sindano aliuliza.

"Nipe kwanza ule ujumbe uliokuleta hapa. Nisomee."

Akamsomea. *Ulipoondoka alilia sana. Hakulala. Anaomba kesho uwahi.*

"Ukaona mwanamke."

"Nilimwona kabisa! Mpaka hereni zake niliziona."

"Ni wapi palipoandikwa kuwa ni mwanamke?"

Sindano akasoma tena, midomo ikicheza. Alilia. Hakulala. Anaomba. Akainua macho.

"Hapakuandikwa."

"Hapakuandikwa. Lugha yetu haisemi. Ukisema alilia, ni baba, ni mama, ni mimi, ni wewe. Anayesikia ndiye anayemvalisha nguo yule mtu." Mzee akavuta pumzi. "Katika kesi ya fundi saa kulikuwa na shahidi mmoja, jirani wa dukani. Alisema, 'Nilimwona akitoka, akafunga mlango, amebeba taa.' Basi. Kwenye mahakama ile tuliandika kwa lugha ya kigeni, lugha ambayo kwayo huwezi kuandika 'alitoka' mpaka uchague: mwanamume au mwanamke. Mkalimani akachagua mwanamume. Mimi nikaandika mwanamume. Mwanamume pekee aliyekuwa akifanya kazi mle ni fundi saa. Tukafunga jalada."

"Na shahidi hakuulizwa?" Miwani alinong'ona.

"Hakuulizwa na yeyote. Hata na mimi niliyekaa juu nikitazama kila kitu. Jana uliponisomea wakili wa kitabuni akimuuliza yule mtunza bustani, 'Uliyemwona alikuwa mwanamume au mwanamke?' nilihisi kama ananiuliza mimi. Ndipo nikakuomba ufunge kitabu, na leo uanze kwa kurudia sura ya nyuma."

"Kwa hiyo baba hakuua?"

Nje jogoo wa jirani alijaribu sauti.

"Sijui, mwanangu. Shahidi amekufa, mwenye duka amekufa, baba yako amekufa. Siwezi kukupa mwisho wa kitabuni. Ninachojua ni hiki: sikujua, na nikahukumu kama anayejua. Kwa ushahidi ule, baba yako alistahili kurudi nyumbani kwake. Leo kukipambazuka vizuri wakili anakuja. Nitaapa na kusema hivyo, kwa jina langu, apeleke mahakamani. Ndiyo aibu niliyotaka niimalize kabla mkeo hajasikia."

Miwani akakaa sakafuni. Akalia kama mtoto aliyefikishwa getini akaambiwa arudi. Sindano akashuka sakafuni, akamkumbatia kichwa, akakibana tumboni kwake.

"Mjinga wewe," alimwambia sikioni. "Ungeniambia. Ningekuja nawe, tukalia wawili. Kwani niliolewa nawe kwa ajili ya baba yako?"

"Niliogopa."

"Sasa je?"

"Sasa naogopa pete iliyoko mezani."

Sindano akacheka na machozi yake. Akanyoosha mkono, akaipapasa meza, akaiokota pete, akaivaa.

"Ila simu yako nitaisoma kila siku."

"Soma. Utakutana na maagizo ya vioo tu."

"Fundi," Mzee Jaji alisema, "siku moja uniletee miwani na mimi."

"Ya kazi gani, Mzee?"

"Mapambo. Nimechoka kuonekana sina la kusoma."

Walicheka wote, kicheko cha watu waliotoka msibani. Yule mama akaenda kuchemsha chai, na alipopita akamwekea Sindano kanga mabegani, kwa kuwa alikuwa ametoka nyumbani na gauni la kulalia na hakuna aliyelitaja.

"Tumalizie kitabu," alisema mzee. "Mama atasinzia, lakini sisi wengine tuko macho."

Miwani akasafisha koo.

Na kwenye rafu, mahali fulani kati ya vitabu, kitu kikasafisha koo nacho. Kidogo tu. Sindano akamshika mumewe goti. Hakuna aliyesema panya.

Miwani akasoma. Mtunza bustani akajibu, ukumbi ukazizima, mlango wa nyuma ukafunguka, aliyefichwa miaka yote akaingia amevaa kofia ya mtu mwingine. Sindano, ambaye hakuwahi kusoma kitabu cha aina ile, alijikuta amekalia ukingo wa kigoda, kucha mdomoni.

"Mshike! Anatoroka!" alipiga kelele.

"Tulia, mke wangu," Miwani alisema. "Polisi wako mlangoni."

Miguu ya mzee ilikuwa wazi, myembamba, ina baridi. Sindano aliiona. Akalivuta blanketi lililoteleza, akaifunika taratibu, kama alivyofunikwa yeye.

Jaji wa kitabuni akainua nyundo. Jina la aliyeua likawa linakuja, liko mstari wa pili tu. Hapo Miwani akanyamaza. Akafunga kitabu, kidole kikiwa ndani.

Kwenye rafu palikuwa kimya, kimya cha mtu aliyeshika pumzi.

"Umebakiza ukurasa," alisema Mzee Jaji.

"Nimebakiza, Mzee."

"Makusudi?"

"Ndivyo nilivyofundishwa."

Mwanga wa kwanza ulikuwa umeingia dirishani, umemwangukia mzee usoni, na yeye akaugeukia kwa joto lake. Akanyoosha mkono mpaka akaupata wa Miwani.

"Basi njoo tena unimalizie. Na yeye usimwache."

Sindano akatazama rafu, akatazama mlango, akamtazama mzee.

"Yeye nani, Mzee?"

Mzee Jaji akacheka kwa sauti.

"Sasa umejua kuuliza, binti yangu. Wote. Njooni tena, wote."