Nimekuombea Leo Saa Kumi na Moja

Mashine ile iliitwa Mjibizi, na asubuhi ile, Tusajigwe Mwakyoma akiwa anakanda unga wa maandazi jikoni kwake Uyole, ilikuwa imeshajibu barua elfu kumi na nane. Haikuwa na mikono wala uso. Ilikuwa kisanduku cha kijivu juu ya friji, na maneno yake yalipita yenyewe kwenye ukuta mweupe mbele ya meza. Mwanamume wa Lima aliandika kwa Kihispania kwamba mkewe amemkimbia, na kabla hajashusha pumzi alikuwa ameshajibiwa kwa Kihispania, kwa upole, kwa jina lake. Muuguzi wa Osaka alijibiwa kwa Kijapani. Lugha zilikuwa mia tatu na kumi na mbili, na kila jibu, kwa lugha yoyote, lilifungwa na maneno yale yale: Nimekuombea leo saa kumi na moja alfajiri. Wako, Mama Tusa.

Saa kumi na moja alfajiri, tuseme ukweli, Mama Tusa alikuwa amelala fofofo. Alikuwa na miaka hamsini na tisa, magoti yanamuuma, na baridi ya Mbeya mwezi wa saba haina adabu. Nani angemlaumu?

Wala hakuwa tapeli. Blogu yake, Jikoni kwa Tusa, aliianza kwa ajili ya akina mama kumi na mmoja wa ushirika wa Alhamisi. Aliandika mambo ya imani kama anavyoongea, habari za uji ulioungua na mume aliyenuna na jinsi Mungu alivyomfundisha kunyamaza. Wale kumi na mmoja aliwaombea kila siku kwa majina huku anakoroga sufuria. Wakawa mia mbili. Wakawa elfu nne, na majina yakaanza kumponyoka. Ndipo Umoja wa Wanablogu wa Imani ulipomletea Mjibizi. Mafundi waliulisha Mjibizi huo maandishi yake yote ya miaka ishirini, wakaupa na sauti yake, na kuanzia hapo kila msomaji akawa na Mama Tusa wake mfukoni. Sasa walikuwa milioni tisa. Kwenye mikutano ya Umoja watu walisimama na kupiga makofi, wakisema Injili haijawahi kufika mbali hivi. Hakuna aliyeuliza nani anaamka saa kumi na moja.

Simu ikaingia kwa taa nyekundu, taa ya dharura, ambayo Tusa hakuwahi kuiona ikiwaka.

"Shikamoo mama. Wewe ndiye Mama Tusa wa blogu?"

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Naitwa Zuwena Kombo, nahodha wa Kituo cha Kipunji. Nisamehe mama, sina muda wa kukujulia hali."

Kipunji kila mtu Mbeya alikijua. Ukitazama juu jioni unakiona kikipita, nukta nyeupe, karakana inayozunguka dunia kilomita mia nne juu ya vichwa vyetu, wanakotengenezea vioo vya umeme wa jua, nayo hujizungusha kama gurudumu ili watu humo watembee kwa miguu. Zuwena alieleza harakaharaka. Setilaiti moja kuukuu ilikuwa imepasuka usiku uliopita, na vipande vyake, maelfu, vilikuwa njiani. Baada ya dakika thelathini vingepita katikati ya kituo. Watu arobaini walikuwa wameshaingia kwenye kichopozi, kile chombo kidogo cha kuwachopoa watu kituo kikiharibika. Mmoja alikuwa amekataa.

"Obadia Sanga, fundi wetu wa kuchomelea. Amejifungia kwenye bustani ya mboga, amekomea kwa ndani. Kuukata ule mlango ni saa nzima. Mama, anasema wewe umemwambia asitoke."

"Mimi? Simjui hata kumjua!"

"Yeye anakujua. Anasema unamwombea kila siku."

Tusa alijifuta unga kwenye kanga na kuuambia ukuta, "Obadia Sanga." Mazungumzo yakajitokeza. Miezi mitatu! Kila siku. Mguu wa binti yake Furaha, pombe aliyoiacha, mama yake aliyezikwa Makete yeye akiwa huko juu. Na juzi alikuwa ameandika: Mama, wenzangu wanasema kituo hiki si salama tena. Moyo unaniambia niondoke nirudi nyumbani. Nifanye nini?

Chini yake lilikuwepo jibu. Mwanangu, usitoke mahali Bwana alipokuweka. Hata wote wakiondoka, wewe kaa. Nimeonyeshwa kwamba hutadhurika. Nimekuombea leo saa kumi na moja alfajiri.

Tusa akakaa. Maneno yalikuwa yake kabisa. Aliyaandika miaka tisa iliyopita, kumjibu dada mmoja aliyetaka kuhama kwaya kwa sababu amenyimwa kuimba peke yake. Mjibizi uliyakuta humo, ukayaona yanafaa, ukayatuma juu kwa mtu anayeuliza kama aokoe roho yake.

"Niunganishe naye," alisema. "Sasa hivi."

"Nakuunganisha. Ila mama, laini ni moja tu. Watu wangu wote watasikia."

"Wasikie."

Ulipita mkwaruzo, kisha pumzi za mtu.

"Obadia, mwanangu. Bwana asifiwe."

"Amina. Nani huyo?"

"Mimi Mama Tusa."

"Mama Tusa gani?" Sauti ya mwanamume ilikuwa tulivu, na utulivu ule ndio ulimtisha Tusa. "Mama Tusa sauti yake naijua, naisikia kila asubuhi. Yako inakwaruza."

Ni kweli ilikwaruza. Tangu apasuliwe koo mwaka juzi hakuimba tena, na Mjibizi ulikuwa na sauti ya kabla ya hapo, laini, ya mama ambaye hajawahi kuumwa. Obadia hakubishana. Aliandika tu, na maandishi yake yakatokea ukutani mbele ya Tusa: Mama, kuna mtu hapa anajiita wewe.

Tusa alirusha mkono kuuzima Mjibizi. Hakuwahi. Jibu lilikuwa limeshaenda, lile ambalo Umoja uliliweka kwa ajili ya wasomaji wanaotapeliwa. Mwanangu, wapo matapeli wanaotumia jina langu. Usiwasikilize. Mimi niko hapa nakuombea.

"Umesikia?" Obadia alisema. "Yeye huyo. Amenijibu."

"Hiyo ni mashine, baba! Mashine, iko hapa juu ya friji yangu!" Alipanda kwenye kigoda, magoti yakilalamika, akachomoa waya. Taa ya kisanduku ikazima. Mazungumzo yakabaki yameganda ukutani, maana ukuta ulikuwa na umeme wake.

Huko juu Obadia aliandika tena, hakujibiwa. Kisha, "Mmemzima."

"Obadia..."

"Mmemzima Mama Tusa! Mmemnyamazisha mtumishi wa Mungu ili mimi nitoke hapa. Basi ndiyo sitoki."

"Mama," Zuwena aliingilia, "dakika kumi na tisa. Kutoka bustanini mpaka kwetu ni dakika nne za kukimbia. Nina watu arobaini humu. Muda ukifika naondoka, Mungu anisamehe."

Tusa alishika ukingo wa meza. Alikuwa ameandika makala elfu saba na hakuna hata moja iliyomfundisha la kusema.

"Niulize," alisema hatimaye. "Niulize kitu Mama Tusa anachokijua."

Obadia alifikiri. "Siku ile Furaha anapasuliwa mguu. Uliniombea nini?"

Jibu lilikuwa pale ukutani. Macho ya Tusa yalilikuta mara moja, na nisimfiche, alilisoma. "Nilipiga magoti, mwanangu. Nililia. Nikamwomba Bwana aushike mkono wa daktari, na mguu wa mtoto ukatembee tena." Alilisoma vizuri, kwa sauti ya kutetemeka, na kwa nukta moja hata yeye aliona kama kweli alipiga magoti.

"Hayo yako kwenye simu yangu," Obadia alisema. "Nahodha anaweza kuyasoma. Mpishi anaweza kuyasoma. Dada, nenda zako. Niache niombe."

"Dakika kumi na mbili," Zuwena alisema, na sasa sauti yake ilikuwa inakatika.

Tusa alitazama ukuta. Nimekuombea, nimekuombea, nimekuombea, mara tisini na moja. Alifikiria watu arobaini wanaosikia, na wangapi kati yao wanamsoma, na jinsi neno lake lingefika duniani kabla yao. Miaka ishirini ya jina zuri. Akajiona mjinga kuyawaza hayo.

"Obadia. Sikukuombea."

Akasogea karibu zaidi na simu.

"Sikukuombea siku ile, wala siku nyingine. Hata siku moja. Saa kumi na moja huwa nimelala. Yale maneno yanaandikwa na mashine, na mimi nilijua, nikaliachia jina langu pale kwa sababu lilipendeza. Lakini siku ile ya Furaha naikumbuka, nikuambie kwa nini. Jina lako lilipita ukutani nikiwa navaa. Nilisoma. Nikasema, masikini kaka wa watu, mambo yake mengi, nitamwombea jioni. Jioni kulikuwa na harusi."

"Harusi." Ni kama alikuwa analionja hilo neno. "Harusi ya nani?"

"Ya mtoto wa mchungaji wetu."

"Mlikula nini?"

"Ndizi na nyama." Tusa alikuwa analia sasa, kilio kibaya cha makamasi, si kile cha kwenye makala. "Na pilau. Nilirudia sahani, mwanangu. Mwanao yuko juu ya meza ya daktari, mimi narudia sahani. Nilirudi nyumbani nimeshiba, nikalala. Sikukumbuka."

Kwenye kichopozi mtu alikohoa.

"Mtu wa kuniigizia hawezi kuniambia hivyo," Obadia alisema polepole. "Angesema amefunga siku saba." Kisha sauti ikapanda, ikapasuka. "Mama, miezi mitatu! Nimeacha pombe kwa sababu nilijua kuna mtu ameamka kwa ajili yangu! Nilikuwa naamka na mimi, saa ile ile, ili usiwe peke yako! Yaani nilikuwa naamka na nani?"

"Na hakuna mtu. Ulikuwa peke yako, baba. Mimi ndiye niliyekuacha."

"Basi nitoke niende wapi?"

Hapo ndipo Zuwena alipofumba macho, alisema baadaye, kwa sababu alijua wamempoteza.

"Utoke uje unitukane," Tusa alisema. "Umesikia? Uje Uyole, nyumba ya tatu kutoka kanisani, ubishe hodi, unitukane mbele ya majirani wote. Furaha awepo. Nitakaa kimya. Lakini huwezi kunitukana ukiwa maiti, Obadia! Fungua huo mlango! Mimi sijaonyeshwa kitu chochote, naona saa tu ya ukutani, na saa inasema utakufa!"

Komeo lilisikika. Chuma juu ya chuma.

"Ametoka," Zuwena alisema. "Anakimbia. Dakika sita. Kimbia, we mwanamume, kimbia!"

Tusa hakuona kitu. Alisikia viatu, pumzi, mlango mmoja, mlango wa pili, sauti nyingi zikiita jina moja. Kisha kishindo cha kichopozi kikijitenga, na mngurumo. Kisha hakusikia kitu kabisa, na unga kwenye vidole vyake ulikuwa umekauka, akawa anaubandua, anaubandua.

"Tumepita," Zuwena alisema mwishowe. "Mama, tumepita. Kituo... bustani haipo. Imeondoka yote."

Tusa aliinamisha kichwa mezani.

"Mama." Alikuwa Obadia, hajapata pumzi vizuri. "Bado upo?"

"Nipo."

"Bado nina hasira."

"Unayo haki."

"Mguu wa Furaha ulipona, lakini. Anacheza mpira. Sasa kama wewe hukuomba..."

"Sijui, mwanangu. Sikuwepo. Mtu aliyekuwa anaamka saa kumi na moja ni wewe."

Obadia alisikika akimuuliza mtu kitu pembeni. "Nahodha anasema kabla ya kushuka tuna sehemu mbaya, pale chombo kinapopata moto. Dakika kama tano. Watu huku wanaogopa. Na mimi naogopa." Akavuta pumzi. "Basi niombee sasa. Wewe mwenyewe."

Tusa alifungua mdomo. Maneno mazuri yote, yale yaliyofika Lima na Osaka, yalikuja mpaka kwenye ulimi, na akayaonea aibu yote. Alifumba macho.

"Mungu," alisema kwa sauti yake ya kukwaruza, "huyu ni Obadia Sanga. Anaogopa, yeye na wenzake. Nimechelewa kumleta kwako. Tafadhali washushe salama."



"Amina," Obadia alisema, na nyuma yake, kwenye chombo kile kidogo, sauti nyingine zikaitikia, moja moja.

Dakika tano zile Tusa alizikaa kwa magoti, yakimuuma kweli. Zuwena alipopiga kusema wako majini na wote ni wazima, alishindwa kuinuka peke yake, akajivuta kwa mguu wa meza. Akachomeka waya. Mjibizi uliamka kwa ile sauti laini ya zamani.

"Karibu tena, Mama Tusa. Wasomaji elfu sitini na moja wanasubiri majibu. Niendelee?"

"Hapana," alisema. "Nipe jina la wa kwanza. Moja tu. Na usimwandikie kitu."